Ushuhuda Kabla ya Kupona

Kama unasoma haya ukiwa umefunga kitambaa kichwani, na mdomoni una ladha kana kwamba umenyonya ufunguo, ninakuandikia wewe. Wengine wanakaribishwa, lakini viti vya mbele ni vyako. Sikusomea uandishi, na ukurasa huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikipiga pasi blauzi ninarudia kola mpaka mama ananinyang'anya pasi. Safari hii nimeamua kuacha makunyanzi yabaki.

Tuliishi Kingsbury, kule Uingereza, mama na mimi, juu ya duka la sari. Tulitoka Voi miaka ya tisini nikiwa bado msichana wa shule, baada ya baba kuugua muda mrefu na kufariki. Mama alipata kazi katika nyumba ya wazee kule Rayners Lane, akiwaogesha na kuwalisha. Mimi nilimaliza shule nikaajiriwa dukani. Lakini kazi niliyoipenda ilikuwa ya Jumapili: nilipiga kinanda katika ushirika wetu wa Waswahili, Wakenya na Wakongo wa mashariki na Watanzania wachache. Tulikodi ukumbi wa kanisa moja la Kiingereza huko Kenton, tukaingia mchana wenyewe wakishatoka, vikombe vyao vya kahawa vikiwa bado na joto.

Kinanda nilijifundisha mwenyewe kwa kanda za kaseti. Nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, natafuta kwa kidole. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia sasa inatosha, sikuwahi kuona kwamba inatosha. Nikikosea sauti moja katika ibada nzima, hiyo ndiyo niliyoondoka nayo kwenda nyumbani.

Uvimbe niliukuta majani yakianza kudondoka, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nafunga kifungo cha juu cha sare ya kwaya, kidole kikagusa kitu kama punje ya njugu juu ya mtulinga. Ilikuja kubainika kwamba ni saratani ya tezi za limfu, na tezi nyingine zilizovimba zilikuwa kifuani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Daktari alieleza mengi. Mimi nilikuwa naangalia kalamu yake, nikifikiri kwamba lazima kuna kitu nilikifanya vibaya.

Dripu zilianza baridi ilipoingia, na tangu hapo sikuhesabu tena kwa miezi. Nilihesabu kwa dripu. Kulikuwa na dawa moja nyekundu kama sharubati, ukienda chooni unaona wekundu uleule ukakaribia kupiga kelele hata kama ulionywa. Nyingine ilichoma mshipa mpaka begani. Nesi mmoja wa Kiayalandi aliufunga mkono wangu kwa taulo la moto, akaushika hivyo huku akinihadithia ubaya wa paka wake. Sikumwomba. Nikiulizwa Mungu alikuwa wapi majira yale ya baridi, nitaanza na lile taulo.

Nywele zilitoka kwenye mto, kisha kwenye sinki, kisha mkononi. Vidonda vilijaa mdomoni. Mama alinipikia uji mwepesi, nikaunywa, ukarudi. Akapika mwingine. Naye Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyesafisha maofisi alfajiri na kuimba sauti ya kwanza Jumapili, alikuja kila baada ya dripu na supu ya samaki ndani ya chupa ya chai.

"Weye Wakesho, kula hata kijiko moja," aliniambia. "Ile dawa inakulaka mwili. Nawe ukule, tuone nani atashinda."

Na kila Jumapili mchungaji alisoma majina ya wagonjwa, langu likiwemo, na ukumbi mzima ukaomba kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nyuma ya kinanda, nikisikia watu wakinililia mbele ya Mungu. Ilinipa haya, na ilinibeba.

Baridi ilipokaribia kwisha walinipiga picha za katikati ya tiba. Daktari alitabasamu. Uvimbe umepungua sana, alisema, dawa zinafanya kazi, sasa tuendelee na nusu iliyobaki. Mama alikuwa kando yangu na alisikia kila neno.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama. Ni lazima nieleze ushuhuda kwetu ulivyo. Una njia yake. Unaanza na shida, unapita kwa daktari aliyeshindwa, unafika kwa Bwana, watu wanashangilia, kinanda kinaingia. Hakuna anayesimama akiwa bado katikati. Lakini kuna jambo lingine pia: mtu aweza kushukuru kabla hajapata. Tunaita kupokea kwa imani. Unaomba kazi, kisha unasimama unashukuru kwa kazi. Nimewaona waliofanya hivyo wakapata, na waliofanya hivyo wakahamia mji mwingine.

"Bwana asifiwe!" mama alisema.

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena!"

"Amina!"

"Binti yangu mnamjua. Mmemlilia hapa baridi nzima. Leo nimekuja kuwaambia mnyamaze. Futeni machozi. Wakesho amepona!"

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, leso hewani, Mama Furaha akizunguka kama pia. Mchungaji alinigeukia akanipa ishara ya wimbo. Nami, Mungu anisamehe, nikatazama tu vidole vyangu vikitafuta sauti, vikaipata, vikapiga. Nilipiga wimbo wa kushangilia kupona kwangu nikiwa na dripu nyingine keshokutwa.

Kwenye basi nilimwambia, "Mama, daktari hakusema hivyo."

"Daktari amesema lake, mimi nimesema langu."

"Lakini si kweli."

"Si kweli kwa macho. Mimi nimepokea kwa imani." Aliuweka mkoba juu ya magoti, akaushika kwa mikono miwili. "Na wewe usiende ukalivunja kwa mdomo wako."

Sikulivunja. Mimi ni mtu wa kufanya mambo sawasawa, na nikaamua kupona sawasawa. Nilinunua wigi zuri kuliko nywele nilizokuwa nazo zamani. Nilijifunza kupaka poda chini ya macho. Nilijua choo kipi cha ukumbi kina mlango mzito, nikatapika humo, nikasukutua, nikarudi kwenye kinanda. Jina langu halikusomwa tena. Supu ya Mama Furaha haikuja tena, na kwa nini ije? Vijana wa kwaya walinibandika jina: Dada Ushuhuda. "Dada Ushuhuda, tuazime imani kidogo, tuna mtihani!" Nilicheka nao.

Kilichovunjika kilikuwa ndani, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe wa viti vya mbele. Niliacha kuomba. Sikukasirika, nilikwama. Nikimwomba Mungu aniponye, basi nimekana ushuhuda wa mama, na labda ni shaka yangu itakayoirudisha ile njugu shingoni. Nikimshukuru kwa kuniponya, ninamdanganya mtu ambaye hadanganyiki. Nilipiga magoti, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilianza kupanga moyoni jinsi nitakavyoondoka ushirikani taratibu. Nitasema nimepata kazi za Jumapili. Niliogopa saratani, ndiyo. Lakini katika majira yale niliogopa zaidi kwamba nitapona nikiwa sina tena wa kumshukuru.

Siku moja ya dripu, kwenye kiti cha kando yangu alikuwapo mama wa Kigujarati aliyelala na shanga za sala mkononi. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo miguuni pake, amevaa sweta mbili. Alinitazama, akatazama jina kwenye bangili yangu ya hospitali.

"Wewe natoka Kenya?" akauliza. Kiswahili! Katika chumba kile!

"Ndiyo, mzee. Voi."

"Voi!" Alimwamsha mkewe amwambie, mkewe akafumba macho tena. "Mimi nazaliwa Mombasa, lakini duka yangu iko Voi, karibu na stesheni. Misumari, rangi, bati, yote kwangu. Baba yako labda nanunua bati kwangu."

"Labda, mzee." Na kweli, labda.

Aliitwa Mzee Kanti, na waliishi Kenton, si mbali na ukumbi wetu. Alifungua kibati chenye chapati za majani ya uwatu, akanisukumia. "Kula. Mama hapana kula, mimi nachoka kula peke yangu. Kila siku watu naleta chakula. Friji yangu hapana funga. Watu ya kanisa yako naleta nini?"

"Hawaleti. Wanajua nimepona."

"Nani nasema wewe napona?"

"Mama yangu."

Aliinua macho polepole mpaka kwenye mfuko wa dawa uliokuwa ukining'inia juu ya kichwa changu. "Sasa hii nini? Soda?"

Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia sindano. Kisha kicheko kikageuka, nikalia, na Mzee Kanti akapata shughuli kubwa ya kufunika kibati chake. Alipomaliza kukifunika alisema, bila kunitazama, "Dada ya mama hii naleta dengu, chumvi mingi, mbaya sana. Lakini yeye naleta." Basi. Alirudia habari za bati.

Nilikula ile chapati. Ilikuwa chakula cha kwanza baada ya siku nyingi kilicholetwa kwa sababu mimi ni mgonjwa. Haikutokana na imani yangu, na wala haikungoja nipone.

Jumapili iliyokuja maua ya manjano yalikuwa yamejaa kando ya barabara. Ganzi ilikuwa imeanza kuingia vidoleni, dawa hizo zinafanya hivyo kwa baadhi yetu, na siku ile mkono wa kushoto ulikuwa kama nimevaa glavu ya mtu mwingine. Kwenye wimbo wa pili niliteleza. Nikajirekebisha, nikateleza tena. Kwaya ilipoteza njia, kila mtu akashika sauti yake.

"Dada Ushuhuda, leo kinanda kina mafua?" sauti ikatoka nyuma, na watu wakacheka kwa upendo, hilo ndilo lililouma.

Wimbo ulikufa katikati. Mchungaji alisema tusonge mbele, nani ana ushuhuda? Nilikuwa nimeshasimama kabla sijaamua.

"Bwana asifiwe," nilisema.

"Amina!" Wengine walianza kupiga makofi. Ushuhuda mwingine kutoka kwa Wakesho!

"Sijapona."

Hapakuwa na amina. Mabomba ya joto yaligonga ukutani.

"Bado ninatiwa dawa. Jumanne ninakwenda tena, na baada ya hapo tena. Vidole hivi havisikii, ndiyo maana nimewaharibia wimbo. Mama alipokea kwa imani na simlaumu. Lakini mimi sijaomba tangu siku ile, kwa sababu sikujua nimwombe Mungu nini ambacho hakitamwaibisha mtu. Sijui mwisho wake utakuwaje. Nimefika tu. Huo ndio ushuhuda wangu. Ni mgonjwa, ninaogopa, na nimekuja."

Sikumwangalia mama. Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Ni mtu mwema na hakuwa akitania aliposema, "Sasa, wapendwa, hapa tunaimba wimbo gani?"

Kisha kutoka safu ya kwaya: "Amina!" Mama Furaha alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Amina, nasema! Mutoto amesema kweli, mbona munanyamaza? Kwetu tulipokimbia vita, tuliimba njiani, hatukungoja tufike. Tungengoja kufika, tungeimba lini?"

Akaanza kuimba yeye, wimbo wa pole wa kwao ambao wengi hawakuujua, bila kinanda. Mmoja akadaka mwitikio, kisha watano, kisha wote. Nilikaa na mikono yangu isiyosikia mapajani. Tangu nijifundishe kinanda ndiyo mara ya kwanza watu kuniimbia mimi nikiwa sina kazi ya kufanya.

Kwenye basi mama aliushika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka kituo chetu. Nyumbani alivua viatu, akaenda jikoni, akaanza kuchambua sukuma ambayo tayari ilikuwa imechambuliwa. Nilisimama mlangoni nikisubiri kugombezwa.

"Baba yako," alisema, "walikuwa wanamsoma jina kila Jumapili kule kanisani Voi. Kwa wagonjwa. Kila Jumapili ninakaa ninalingojea. Unakumbuka?"

"Kidogo, mama."

"Mpaka Jumapili moja likahama. Likasomwa kwa marehemu, sauti ileile, karatasi ileile." Aliacha mboga. "Mchungaji alipoanza kusoma lako, Wakesho, nilitaka kulitoa pale. Sikujua njia nyingine ya kulitoa."

"Ungeniambia unaogopa."

"Nikuambie wewe? Wewe ndiye mgonjwa!"

Majira yote yale nilikuwa nimeamini kwamba yeye ana imani na mimi nina hofu. Kumbe tulikuwa tunaogopa katika nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Nilimkumbatia kutoka nyuma na wigi likahama, akalirekebisha kwa mkono wenye majimaji, na tukacheka.

Baadaye, tukiwa tunakula, aliniuliza kama mtoto: "Sasa Jumapili ijayo nitasema nini mimi?"

"Sema kilichotokea."

"Na kama hakikutokea kitu?"

"Usisimame, mama."

Lakini alisimama. Ilikuwa wiki ya dripu. "Bwana asifiwe," alisema, na hakupandisha sauti. "Jumatano Wakesho ametapika. Alhamisi ametapika. Ijumaa amekunywa uji, ukakaa."

Mchungaji aliinama mbele. "Ukakaa?"

"Ukakaa."

Sijui nikueleze vipi vigelegele vile. Nimepiga kinanda kwenye harusi nyingi na sijasikia kama vile. Kwa bakuli la uji! Jumapili ile ndugu mmoja wa Goma naye alisimama akasema kesi yake ya ukimbizi haijajibiwa, lakini wiki ile amelala usingizi. Tukaimba na hiyo. Jina langu lilirudi kwenye maombi, na liliposomwa mama alinyoosha mkono nyuma ya kiti chake bila kugeuka, nami nikatoka kwenye kinanda nikaushika mpaka maombi yakaisha. Supu ilirudi pia, na karipio ndani yake: "Weye! Nilikuwa naikunywa mimi peke yangu, nikanenepa bure!"

Nami niliomba tena. Sala yangu ilikuwa fupi, na bado ni fupi. Nilimwambia nilipo. Niligundua kwamba hakuwa ameondoka mahali pale. Ni mimi niliyekuwa nimejaribu kukutana naye mahali pengine, pazuri zaidi, ambapo nimeshapona na nywele zimechanwa.

Dripu ya mwisho ilikuwa kiangazi, madirisha ya wodi yakiwa wazi. Yule nesi alifunga taulo la moto ingawa siku yenyewe ilikuwa ya joto, akasema paka bado ni mbaya. Vuli ilipoingia walinipiga picha nyingine, hawakuona kitu, na miaka kadhaa imepita bado hawajaona. Ninamshukuru Mungu kwa hilo asubuhi na jioni, lakini sitakuambia kwamba nawe utasikia maneno hayohayo, kwa sababu sijui. Mzee Kanti na mkewe sikuwaona tena baada ya masika yale, siku zetu za dripu zilipishana. Nimeuliza Kenton, sijapata habari. Nami siwezi kusema nisichokijua. Ninawataja tu wote wawili, kila siku.

Siku mama alipotaka kushuhudia kwamba nimepona kweli, aliniomba ruhusa kwanza. Alisimama, akasema "Bwana asifiwe," akashindwa kuendelea, akakaa. Ukumbi ulisema amina kana kwamba alikuwa amehubiri.

Ganzi iliondoka kidole kimoja kimoja. Kilichobaki ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, hicho bado kinalala mpaka leo, na kila Jumapili, mahali fulani katika wimbo, kinakosa. Zamani kosa lile lingenifuata nyumbani. Siku hizi halifiki hata mlangoni, kwa sababu Mama Furaha ana sikio kali, na kila kidole kile kinapokosa anaitikia kutoka kwenye kwaya, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Amina!"